Barua zenu: Nimehama na kichana changu, naanzia wapi huku ugenini?

Mwezi huu barua za ususi na unyozi zimekuwa nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote niwape nyie wa vichana na mashine. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilianza kusuka nikiwa na miaka kumi na mbili barazani kwa bibi yangu Tandika, nimekuja Uingereza nimesuka jikoni kwangu, nimekodi kiti saluni ya mtu, leo nina chumba changu na sinki langu. Kwahiyo yote haya nimeyapitia. Majina ya wanaouliza nimeyatoa. Na mambo ya visa na kodi yanabadilishwa kila kukicha, so kabla hujatoa hela yako pitia kwanza tovuti ya serikali ya nchi uliyopo.

Shikamoo da Msusi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimekuja Coventry mwaka jana kumfuata mume wangu yuko kwenye visa ya kazi, mimi nimeingia kama mtegemezi wake. Temeke nilikuwa na saluni yangu ndogo, nasuka kila kitu, twende kilioni, yeboyebo, rasta, notilesi, uzi, na wiving nashona. Huku wadada wa kanisani wameshanijua wananipigia simu nawasuka sebuleni, wananipa paundi 50 na nywele nanunua mimi. Mume wangu hana raha kabisa anasema nasuka bila leseni tutakuja kurudishwa. Je ni kweli? Na nikitaka kufanya kihalali naanzia wapi? (Msusi wa Temeke)

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika. Mumeo usimlaumu, ana haki ya kuogopa coz visa ya familia nzima imekaa kwenye jina lake, ila kwenye hili la leseni mtulize. Uingereza hakuna leseni ya kusuka wala kunyoa. Ipo sheria ya mwaka 1964 ya kusajili watengeneza nywele lakini usajili wake ni wa hiari, ukitaka unajiandikisha usipotaka unaendelea na kazi, mtu yeyote anaruhusiwa kushika kichana na kujiita msusi. Najua kwa anayetoka nyumbani inashangaza maana kule afisa biashara wa manispaa hakosi kupita.

Kinachoangaliwa huku ni visa yako inasema nini. Wewe mtegemezi wa mwenye visa ya kazi unaruhusiwa kufanya kazi na unaruhusiwa kujiajiri, ulichokatazwa ni kuwa mwanamichezo wa kulipwa au kocha wa michezo tu. Ingia kwenye akaunti yako ya eVisa, ile visa ya mtandaoni, usome masharti kwa macho yako usichukue maneno yangu wala ya wadada wa kanisani. Mumeo yeye habari yake nyingine, visa yake imefungwa kwa mwajiri wake, so hata kama anajua kushika mashine asianze kunyoa watu jumamosi kwa hela kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji.

Sasa njoo kwenye kodi maana hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mwaka wa kodi huku unaanza tarehe 6 Aprili unaisha tarehe 5 Aprili inayofuata. Ndani ya huo mwaka ukiingiza zaidi ya paundi 1,000 kutoka kwenye biashara yako, na hapo nasema iliyoingia mkononi kabla hujatoa gharama, unatakiwa ujisajili HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, kama mtu aliyejiajiri. Kwa paundi 50 zako mteja wa ishirini na moja tayari umevuka, na wewe kwa unavyoniambia hao umeshawamaliza zamani. Mwisho wa kujisajili ni tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha, halafu ritani, yaani fomu ya kodi, unajaza kwenye mtandao mwisho tarehe 31 Januari. Watu wakisikia kujisajili wanadhani ndio kukatwa hela papo hapo, hapana, kama huna kipato kingine paundi 12,570 za kwanza za faida hazikatwi kodi ya mapato, na faida ndio iliyobaki ukishatoa nywele ulizonunua, mafuta, vichana, bima, nauli ya kumfuata mteja kwake. Lakini unatoa kama una risiti. Nunua daftari leo, andika tarehe, mtindo, hela iliyoingia, hela iliyotoka, na risiti zipige picha maana zile karatasi za madukani zinafutika maandishi, na kumbukumbu zote uzitunze angalau miaka mitano baada ya ile Januari ya kujaza ritani.

Nakusisitizia karatasi kwa sababu mimi lilinikuta. Nilipofika nilisuka miaka miwili kwenye saluni ya mtu, nalipwa mkononi kila jumamosi jioni, hakuna payslipu, ile karatasi ya mshahara, hakuna hata meseji, nikawa nafurahi kwamba napata hela yote bila makato. Siku nimeenda kutafuta nyumba ya kupanga kwa jina langu naulizwa ushahidi wa kipato sina hata karatasi moja, miaka miwili ya mgongo wangu na vidole vyangu ikawa kama sikuwahi kufanya kazi nchi hii. Niliumia na bado nikikumbuka naumia. Sitaki likupate.

Cha tatu sebule yenyewe. Kama nyumba mmepanga soma mkataba, mingi inakataza biashara ndani ya nyumba, muandikie mwenye nyumba umuombe na jibu lake ulihifadhi. Kaunsili nayo ipigie simu uulize mambo mawili, kwanza kama idadi ya wateja wako inahitaji kibali cha matumizi ya nyumba, pili kama wao wana kanuni ya kusajili sehemu za kutengeneza nywele, maana kaunsili nyingine wanayo hasa kwa ajili ya usafi. Mteja mmoja mmoja kwa apointimenti kwa kawaida hauwi ugomvi, ila wateja wanne wamepanga magari mbele ya geti la jirani ugomvi utakuja tu. Halafu kata bima ya kukulinda mteja akiumia. Sheria haikulazimishi mpaka uajiri mtu, hapo ndio bima ya mwajiri ni lazima, lakini fikiria unachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto na mtoto wako anapita anakimbia, yale maji yakimmwagikia mteja begani utalipa na nini?

Mwisho bei, na hapa naomba unisikilize sana. Notilesi za saizi ya kati unakaa saa ngapi? Tuseme saba. Unanunua pakiti sita za nywele, tuseme paundi 3 kila moja, hizo 18 zimetoka, umebaki na 32. Gawanya kwa saa saba, ni paundi 4 na senti hamsini na kitu kwa saa. Kima cha chini cha mshahara huku kilichoanza Aprili 2025 kwa mtu mzima kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, maana yake anayefagia ofisi anapata karibu mara tatu yako na yeye ana likizo ya kulipwa. Wewe ujuzi wako umeutafuta miaka. Anza na saa zako zidishe kwa hela unayoona unastahili, ongeza nywele, ongeza umeme wa kupasha nyumba majira ya baridi maana mteja hawezi kukaa saa saba anatetemeka, ndio utoe bei. Wateja watapungua mwezi wa kwanza na wa pili. Wanarudi, coz msusi anayejua kugawa mistari na havuti nywele mpaka macho yanapanda si mtu unayemkuta kila mtaa huku. Na chukua dipoziti, mteja asiyekuja bila taarifa anakuharibia siku nzima, si saa moja.

Kuhusu cheti, kwa kusuka sebuleni huhitaji, ila kama unataka kuajiriwa saluni kubwa au kushika dawa na rangi nakushauri uende koleji ufanye cheti cha ufundi cha Level 2. Zamani koleji walikuwa wanaweza kukufundisha mpaka ukamaliza bila kugusa nywele za kipilipili hata siku moja, viwango vya mafunzo vilibadilishwa mwaka 2021 sasa nywele zetu zimo kwenye mafunzo. Hapo darasani utashangaa mwalimu anakuomba wewe uwaonyeshe wenzako.

Da Msusi mambo, niko Leeds nasoma masters, nataka nifungue peji insta nisuke wanafunzi wenzangu wikiendi, si tumeruhusiwa masaa 20 kwa wiki? (Mwanafunzi)

Usifungue mdogo wangu. Yale masaa 20 ni ya kuajiriwa, visa ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri hata saa moja, na peji yenye bei ni ushahidi umejiandikia mwenyewe. Unachoweza ni kuajiriwa na saluni wakakulipa kwa payslipu ndani ya hayo masaa. Ukimaliza masters ukapata visa ya Graduate, hiyo inaruhusu kujiajiri, na peji yako utafungua bila wasiwasi. Najua hela ni ngumu na ada ya chuo haisubiri, lakini umelipia hiyo visa kwa jasho la wazazi, usiiuze kwa kichwa cha paundi 40.

Assalam alaikum dada. Mimi ni wa Mombasa, Old Town, nimeolewa huku Leicester. Nyumbani nilikuwa napamba maharusi, hina na piko, na kufunga nywele. Huku wateja wapo wengi wa Kiswahili na wa Kihindi, lakini dada mmoja aliniambia piko ni haramu kisheria, nikashangaa mbona sisi tumepakwa tangu wadogo. Nina kilo mbili za piko nimekuja nayo. (Mpambaji wa Old Town)

Waalaikum salaam warahmatullah. Huyo dada amekwambia kweli, na amekuokoa.

Hina ya majani ya mhina yenyewe haitoi rangi nyeusi, inatoa chungwa siku ya kwanza halafu inaiva kuwa kahawia ukiiacha siku moja au mbili. Ule weusi wa piko unaotoka ndani ya muda mfupi unatokana na unga wa kanta ya nywele, na ndani ya kanta mna kemikali inaitwa PPD. Sheria ya vipodozi ya Uingereza inaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele tu, kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, kwenye ngozi ni marufuku kabisa. Na hawakuikataza kwa kuchukia mila zetu. PPD ikikaa kwenye ngozi inaweza kuufundisha mwili kuikataa, leo mtu anapata malengelenge yanayofuata mchoro wa ua mkononi, yakipona hudhani yamekwisha, baada ya miaka anapaka kanta ya nywele kufunika mvi uso unavimba mpaka macho yanaziba na wengine wanashindwa kupumua. Na huo mzio haumtoki tena maisha yote. Wewe mwenyewe najua umeshawaona maharusi wenye mikono iliyoumuka na mama zetu wakasema ni hasadi au damu yake haipatani na piko. Ilikuwa ni PPD.

Kwahiyo hizo kilo mbili usimpake mtu na usimgawie mtu. Hata rangi ya nywele iliyonunuliwa dukani kihalali mpime mteja kwanza, tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko saa 48 kabla kama pakiti inavyoelekeza, na muulize kama amewahi kupakwa piko, hilo swali msusi wa Kizungu hatalijua wewe unalijua. Kama amewahi na alivimba, usimguse na rangi kabisa.

Kazi yako haijafa. Uko Leicester, mji wenye watu wanaojua hina kuliko karibu mji wowote Uingereza, nenda pale Belgrave Road utakuta wapambaji wa Kigujarati wanachora hina ya asili tu na harusi wanazipata, na usishangae mzee dukani akikujibu kwa Kiswahili maana familia nyingi pale zilitoka Uganda mwaka 1972 na nyingine Kenya. Michoro yetu ya pwani yenye maua makubwa na nafasi katikati wao hawana, hiyo ndio bidhaa yako. Wambie maharusi waje siku mbili kabla ili rangi iive vizuri. Na nikuongezee moja, ukiona baba au wifi anataka kukutumia krimu za kung'arisha uso ili uuze pembeni, zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, kataa, huku kuziuza ni kosa na wanaokagua wanapita madukani. Hata mafuta ya nazi uliyochanganya mwenyewe jikoni na karafuu, ukitaka kuyauza kwenye chupa yenye jina lako inabidi yapimwe usalama na yasajiliwe kwanza.

Dada, mashemeji na mabinamu wa mume wangu wanakuja kusuka bure kila mwisho wa mwezi, nikisema bei wananuna. Nifanyeje? (Nimechoka, London)

Ongea na mumeo kwanza, yeye ndio awaambie, ikitoka kwako utaonekana umewakataa ikitoka kwake ni nyumba imeamua. Mama mkwe msuke bure na umpikie chai. Wengine wape punguzo moja linalojulikana, nywele waje nazo, na waje jumanne asubuhi siyo jumamosi. Atakayenuna mwache anune, baada ya wiki sita mistari itakuwa imefumuka atakupigia.

Kaka wa gazeti au dada, habari. Mimi ni kinyozi natoka Bujumbura, Buyenzi, nimenyoa tangu nikiwa kijana zaidi ya miaka kumi na tano. Sasa niko Köln Ujerumani, nimepata karatasi ya ukimbizi. Nimeona fremu nzuri nataka nifungue kinyozi, lakini wananiambia lazima niwe Meister. Meister ni nini, na mbona mwenzangu Manchester amefungua bila kuulizwa kitu? (Kinyozi wa Buyenzi)

Habari nzuri kaka, na ni dada ndio anakujibu. Buyenzi nimefika mara moja, nilisikia Kiswahili kila kona mpaka nikajisikia nipo Kigoma.

Mwenzako wa Manchester na wewe mko kwenye sheria mbili tofauti kabisa na hakuna aliyekudanganya. Ujerumani kazi za mikono zina sheria yake, Handwerksordnung, na ina orodha ya kazi ambazo huwezi kufungua kwa jina lako bila kuandikishwa kwenye daftari la mafundi la Handwerkskammer, yaani chemba ya mafundi, na kutengeneza nywele imo. Meister ni daraja la juu la ufundi. Kijana wa Kijerumani anasoma kazi hiyo kwa mkataba miaka mitatu, anakuwa fundi kamili, halafu ndio anasomea na kufanya mtihani wa Meister wenye vitendo, nadharia, mambo ya biashara na namna ya kufundisha wanagenzi. Kunyoa wanaume tu hakukutoi kwenye hiyo orodha, wapo waliofikiri hivyo wakafungua, wakaguzi wakapita, wakafungiwa na kupigwa faini. Kwahiyo fremu usiilipie bado! Hata dipoziti usitoe.

Njia zipo. Ya haraka ni kuajiriwa, kufanya kazi chini ya saluni iliyoandikishwa hauhitaji uwe Meister, na hapo utajifunza Kijerumani cha kwenye kiti ambacho darasani hawafundishi. Ya pili ni kufungua biashara ukamwajiri Meister awe msimamizi wa ufundi, ila awepo kazini kweli, wale wa kuazima jina kwa hela kidogo kila mwezi wanashikwa na unashikwa nao. Ya tatu ni ndefu, upate cheti cha fundi, ufanye kazi miaka sita na minne kati ya hiyo uwe kwenye nafasi ya kusimamia, hapo unaweza kuomba kuandikishwa bila kuwa Meister. Ya nne ni kuomba ruhusa maalum Handwerkskammer kwa hali yako, hii wanaangalia ujuzi na sababu zako na si kila mtu anapewa.

Nenda Handwerkskammer ya Köln uombe ushauri, na nenda na chochote ulichonacho, cheti cha mafunzo, barua ya bosi wa zamani, picha za saluni yako Buyenzi, leseni ya komini. Kama ulisomea kwa cheti rasmi na karatasi zimepotea njiani waambie, upo utaratibu wa kukupima kwa vitendo wakaona mikono yako inajua nini. Kama ulijifunzia mtaani kama wengi wetu, sema ukweli huo pia, wakuelekeze kwenye mtihani. Na kwa kuwa umeshakubaliwa ukimbizi kibali chako kinakuruhusu kufanya kazi na kujiajiri, ndugu ambaye bado anasubiri jibu la ombi lake yeye kujiajiri hawezi.

Najua inachoma, miaka kumi na tano ya kazi halafu mtu anakuuliza karatasi. Mimi naona hiyo sheria inawabana sana watu kama wewe na nasema wazi. Lakini nimeona pia kinyozi aliyekaa miaka mitatu kwenye kiti cha mtu huku anasoma akaja kufungua ya kwake na wanagenzi wawili, na hakuna mkaguzi anayemtoa jasho.

Jambo mama, mimi ni mama wa Uvira, tulikaa kambi ya Nyarugusu Tanzania miaka mingi kisha tukaletwa Fort Worth, Texas. Nasuka watoto wa majirani. Mtu wa kazi amenitisha anasema Texas lazima shule ya masaa elfu moja. Kweli? (Mama wa Uvira)

Jambo sana mama. Kwa kusuka, si kweli tena, na waliokutoa kwenye huo mzigo walipigana karibu hapo hapo ulipo. Mwaka 1997 msusi mmoja wa Dallas, Isis Brantley, alikamatwa na polisi ndani ya saluni yake, kosa lake kusuka bila leseni ya urembo. Hakunyamaza. Mwaka 2007 Texas wakaweka cheti kidogo cha ususi cha masaa 35 badala ya ile shule ndefu, lakini alipotaka kufundisha wengine wakamwambia lazima awe na shule yenye masinki na viti vya kinyozi kana kwamba kusuka kunahitaji sinki. Alienda mahakama ya shirikisho mwaka 2013, Januari 2015 jaji akasema masharti hayo yanavunja katiba, na mwezi Juni mwaka huo huo jimbo likafuta kabisa leseni ya ususi. Kwahiyo mama unaposuka leo unasuka kwa sababu ya huyo mwanamke wa Dallas.

Angalia mipaka tu. Kusuka, na kupachika nywele za bandia kwa kuzisukia bila gundi wala dawa, hayo huru. Kupaka dawa ya kulainisha, rangi, kukata kwa mtindo wa saluni, hayo bado ni ya mwenye leseni. Na ukihamia jimbo lingine uliza upya, kila jimbo Marekani lina sheria yake, kwingine wamewaachia wasusi, kwingine bado wanataka usajili. Kodi usiisahau, ukipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka kwa kujiajiri unatakiwa ujaze, na kuna makato ya asilimia 15.3 ya pensheni na matibabu ya uzeeni, so kila ukilipwa weka pembeni kidogo kwenye bahasha yake. Makanisa na maktaba nyingi huwa na watu wa kusaidia kujaza bure kuanzia Februari.

Da Msusi, mimi nasuka mwaka wa tisa sasa, kidole gumba na kiwiko cha mkono wa kulia vinawaka moto usiku, nikiamka vidole vimekufa ganzi. Dawa gani nzuri? (Birmingham)

Dawa ya kupaka itakupoza usiku mmoja. Hiyo ganzi ya usiku ipeleke kwa GP, yaani daktari wako wa kawaida, wiki hii, mwambie kazi yako ni nini na unakaa masaa mangapi, mwombe akupeleke kwa fiziotherapia, maana huenda ni mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono na ukiuacha nguvu ya kushika inapungua. Nilichelewa na mimi, nikafika mahali kichana kinadondoka mkononi bila kujua.

Kazini nunua kiti cha kupanda na kushuka ili kichwa cha mteja kije kwenye kifua chako, usisuke umeinua mabega. Kila saa moja simama dakika tano nyosha vidole, mteja naye anyooshe miguu, wala hakuna atakayekasirika. Rasta ndogo ndogo za masaa kumi usipange siku mbili mfululizo. Na jumatatu usisuke kabisa, hata akipiga simu nani.